India na Usalama Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Mipaka, Bahari na Marafiki wa Taifa Kubwa

Tatizo la msingi la usalama wa India ni lipi?

India ina watu zaidi ya bilioni 1.4, na kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa iliipita China kwa idadi ya watu mwaka 2023. Uchumi wake ni miongoni mwa tano kubwa duniani, na imekuwa na uwezo wa nyuklia tangu jaribio la Pokhran la 1974, uwezo ambao iliutangaza waziwazi kwa majaribio ya Mei 1998. Kwa vipimo hivyo ni taifa kubwa. Hata hivyo, hakuna taifa jingine la ukubwa huo linalopakana kwa nchi kavu na majirani wawili wenye silaha za nyuklia, Pakistan na China, ambao wote wawili wanagombania ardhi nalo, na ambao wao kwa wao ni marafiki wa karibu.

Majibu mengi katika ukurasa huu yanatokana na hali hiyo moja. Jeshi la nchi kavu lenye askari wapatao milioni 1.2 hupewa zaidi ya nusu ya bajeti ya ulinzi kwa sababu lazima lilinde milima ya kaskazini mwaka mzima, ilhali biashara ya India, mafuta yake na nafasi yake ya kuwa na sauti duniani vinapita baharini. Kila rupia inayopelekwa kwenye barafu ya Ladakh, eneo la kaskazini linalopakana na China, ni rupia isiyojenga manowari. Mtu akilishika hilo, mambo mengi ya sera ya nje ya India ambayo kwa mbali huonekana kama kigeugeu huanza kueleweka.

Mgogoro wa Kashmir ulianzaje, na kwa nini hauishi?

Waingereza walipoondoka Agosti 1947 na kuigawa nchi, watawala wa dola ndogo za jadi walitakiwa kuchagua kujiunga na India au Pakistan. Maharaja Hari Singh wa Jammu na Kashmir, Mhindu aliyetawala raia ambao wengi wao walikuwa Waislamu, alisitasita hadi Oktoba, wapiganaji wa makabila walipoingia kutoka upande wa Pakistan. Ndipo alipotia saini hati ya kujiunga na India, na siku iliyofuata askari wa India wakasafirishwa kwa ndege hadi Srinagar. Vita vilisitishwa Januari 1949 kwa upatanishi wa Umoja wa Mataifa, huku kila upande ukibaki na sehemu yake. Kura ya maoni iliyopendekezwa na Baraza la Usalama mwaka 1948 haijapigwa hadi leo, kwa kuwa masharti ya kuondoa majeshi hayakutekelezwa.

Yakafuata vita vya 1965, kisha vya 1971 ambavyo vilizaa taifa la Bangladesh. Mkataba wa Simla wa Julai 1972 uliufanya mstari wa kusitisha mapigano kuwa Mstari wa Udhibiti, na India imeushikilia mkataba huo kama hoja kwamba mgogoro ni wa nchi mbili tu na hauhitaji mpatanishi wa tatu. Tangu 1984 majeshi ya pande zote yamekaa pia kwenye barafu ya Siachen, mahali ambapo baridi na maporomoko ya theluji vimeua askari wengi kuliko risasi. Mwaka 1999 nchi hizo mbili zilipigana tena huko Kargil, safari hii zote zikiwa na silaha za nyuklia.

Mgogoro hauishi kwa sababu kwa kila upande umegusa maana ya kuwapo kwa taifa lenyewe. Pakistan iliundwa kama makao ya Waislamu wa Bara Hindi, na kwa mtazamo wake Kashmir ni kazi iliyobaki. India ilijengwa juu ya wazo kwamba watu wa dini zote wanaweza kuishi katika dola moja, na kuliachia jimbo lenye Waislamu wengi kungekuwa kulikana wazo hilo. Katikati wapo Wakashmiri wenyewe, ambao tangu uasi ulipozuka mwishoni mwa miaka ya 1980 wamepoteza makumi ya maelfu ya watu, na ambao tarehe 5 Agosti 2019 walishuhudia serikali ya New Delhi ikifuta hadhi ya pekee ya jimbo lao na kuligawa kuwa maeneo mawili yanayosimamiwa na serikali kuu. Mjadala wowote wa usalama unaowasahau watu hawa una kasoro, na uamuzi wa 2019 ulifanywa bila wao kuulizwa.

Ni nini kilitokea kati ya India na Pakistan mwaka 2025?

Tarehe 22 Aprili 2025 watu wenye silaha waliwaua watu 26, wengi wao watalii, katika bonde la Baisaran karibu na mji wa Pahalgam, katika Kashmir inayotawaliwa na India. India iliilaumu Pakistan kwa kuwahifadhi wahusika, nayo Pakistan ikakana. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Mei, India ilishambulia sehemu tisa ndani ya Pakistan na katika Kashmir inayotawaliwa na Pakistan. Kwa siku nne nchi hizo zilishambuliana kwa makombora, ndege za kivita na droni nyingi kuliko wakati wowote uliopita, mpaka usitishaji mapigano ulipotangazwa tarehe 10 Mei. Rais Donald Trump wa Marekani alisema yeye ndiye aliyewapatanisha. India ilikanusha, ikisema makubaliano yalifikiwa moja kwa moja kati ya maofisa wa majeshi mawili.

Kinachopaswa kutia hofu ni mwelekeo wa mambo. Baada ya shambulio la Bunge la India la Desemba 2001, na baada ya mauaji ya Mumbai ya Novemba 2008 yaliyochukua uhai wa watu 166, serikali za India zilijizuia kuvuka mpaka. Mwaka 2016, baada ya askari kuuawa Uri, India ilisema imewavusha makomando. Mwaka 2019, baada ya askari 40 wa kikosi cha polisi cha serikali kuu kuuawa Pulwama, ilipeleka ndege hadi Balakot, ndani ya Pakistan. Mwaka 2025 ilipiga hadi Punjab, mkoa ulio kitovu cha Pakistan, na ikatangaza kwamba kuanzia sasa kila shambulio la kigaidi litahesabiwa kuwa kitendo cha vita. Kila mara kizingiti kinashuka. Serikali iliyoahidi kujibu hujikuta imelazimika kujibu, na uamuzi wa kuanza vita kati ya mataifa mawili ya nyuklia unaweza kuwa mikononi mwa kikundi cha vijana wachache wenye bunduki.

Mkataba wa maji wa mto Indus una uhusiano gani na usalama?

Mkataba wa 1960, uliosimamiwa na Benki ya Dunia, uliipa India mito ya mashariki, yaani Ravi, Beas na Sutlej, na kuipa Pakistan sehemu kubwa ya maji ya mito ya magharibi, yaani Indus, Jhelum na Chenab. Uliponea chupuchupu katika vita vyote vilivyofuata. Siku moja baada ya mauaji ya Pahalgam, India ilitangaza kuusimamisha. Kwa sasa India haina mabwawa ya kutosha kuzuia mito hiyo mikubwa, kwa hiyo athari ya haraka ni ndogo, lakini kilimo cha Pakistan kinategemea maji hayo, na Islamabad imesema jaribio la kuyazuia litachukuliwa kuwa tendo la vita. Kwa maoni ya mwandishi wa ukurasa huu, hatua hiyo ni ya hatari kuliko makombora, kwa sababu makombora yalinyamaza baada ya siku nne, ilhali mabwawa yakijengwa yatadumu vizazi.

China na India zinagombania nini hasa?

Zinagombania sehemu mbili kubwa. Upande wa magharibi ni Aksai Chin, uwanda wa juu usio na watu ambao China inaushikilia na kupitisha barabara inayounganisha Xinjiang na Tibet. Upande wa mashariki ni jimbo la Arunachal Pradesh, ambalo India inalitawala na China inaliita Tibet ya Kusini. Chimbuko lake ni mipaka iliyochorwa enzi za ukoloni, ukiwamo mstari wa McMahon wa 1914 ambao China haikuukubali. Mambo yaliharibika zaidi Dalai Lama alipokimbilia India mwaka 1959 na kupewa hifadhi. Oktoba 1962 China ilishambulia, ikalishinda jeshi la India kwa mwezi mmoja, kisha ikajiondoa upande wa mashariki. Fedheha ya mwaka huo bado imo vichwani mwa majenerali na wanasiasa wa India.

Mstari unaotenganisha majeshi haujachorwa kwenye ramani moja inayokubalika na wote. India husema una urefu wa kilomita 3,488, na China hutaja urefu mdogo zaidi. Ili doria zinazokutana zisiuane, nchi hizo zilitia saini mikataba ya mwaka 1993 na 1996, na ndiyo maana usiku wa tarehe 15 Juni 2020, katika bonde la Galwan, askari walipigana kwa mawe na marungu yenye misumari badala ya bunduki. Askari 20 wa India walikufa, na baadaye China ilikiri kupoteza wanne. Kila upande ukaongeza makumi ya maelfu ya askari, mahali ambapo kila kipande cha mkate na kila lita ya mafuta ya taa lazima ipandishwe mlimani kabla majira ya baridi hayajafunga njia.

Oktoba 2024 zilikubaliana kuhusu doria katika maeneo mawili ya mwisho yaliyokuwa na mvutano, na siku chache baadaye Waziri Mkuu Narendra Modi na Rais Xi Jinping wakakutana Kazan, Urusi. Agosti 2025 Modi alikwenda Tianjin, ziara yake ya kwanza China baada ya miaka saba. Mazungumzo hayo ni ya heri, lakini askari hawajarudi walikokuwa kabla ya 2020, na mpaka wenyewe haujachorwa.

Ukanda wa Siliguri ni nini?

Ni kipande chembamba cha ardhi, chenye upana wa kilomita 22 hivi mahali kilipobanwa zaidi kati ya Nepal na Bangladesh, ambacho ndicho njia pekee ya nchi kavu inayoyaunganisha majimbo ya kaskazini mashariki na sehemu nyingine ya India. Mwaka 2017, wajenzi wa barabara wa China walipoingia Doklam, eneo linalodaiwa pia na Bhutan na lililo karibu na ukanda huo, askari wa India waliwazuia kwa siku 73.

Kwa sababu hiyohiyo, Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, ni mji muhimu kwa New Delhi. Waziri Mkuu Sheikh Hasina, aliyekuwa rafiki wa India kwa muda mrefu, alipinduliwa na maandamano ya wanafunzi na kukimbilia India tarehe 5 Agosti 2024. Novemba 2025 mahakama ya Bangladesh ilimhukumu kifo akiwa hayupo. India ilikuwa imeweka matumaini yake yote kwa kiongozi mmoja badala ya kuyaweka kwa wananchi, na Wabangladeshi wengi hawajaisamehe kwa hilo.

Je, India inaweza kulazimika kupigana na majirani wote wawili kwa wakati mmoja?

Wapangaji wake wa kijeshi hulichukulia swali hili kwa uzito mkubwa. Takribani asilimia 80 ya silaha kubwa ambazo Pakistan iliagiza kutoka nje kati ya 2020 na 2024 zilitoka China, na katika mapigano ya Mei 2025 Pakistan ilitumia ndege za kivita za Kichina aina ya J-10C. Julai 2025 naibu mkuu wa jeshi la nchi kavu la India alisema hadharani kwamba China iliipa Pakistan taarifa za papo kwa papo wakati wa mapigano hayo. Kwa maana hiyo, China haihitaji kuvuka mpaka ili iwe vitani. Wakati huohuo jeshi la anga la India, lililopangiwa vikosi 42 vya ndege za kivita, limebaki na takribani 30, baada ya ndege za zamani za MiG-21 kustaafishwa Septemba 2025 na ndege mpya kuchelewa viwandani.

Kwa nini India inaendelea na urafiki wake na Urusi wakati inasogeleana na Marekani?

Mwaka 1971, Marekani na China zilipoiunga mkono Pakistan, Umoja wa Kisovyeti ulitia saini mkataba wa urafiki na India na kuikinga kwa kura ya turufu katika Baraza la Usalama. Wahindi hawajasahau. Zaidi ya kumbukumbu, kuna vifaa: vifaru, ndege, nyambizi na mfumo wa S-400 wa kutungua ndege na makombora, ulionunuliwa mwaka 2018, vyote vinahitaji vipuri na mafundi kutoka Urusi. Sehemu ya Urusi katika silaha zinazoingizwa India imeshuka kutoka zaidi ya theluthi mbili mwanzoni mwa miaka ya 2010 hadi kidogo juu ya theluthi moja, lakini jeshi haliwezi kubadilisha zana zake zote kwa mwaka mmoja au miwili.

Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, India, inayoagiza zaidi ya asilimia 85 ya mafuta ghafi yake, iliongeza ununuzi wa mafuta ya Urusi kutoka chini ya asilimia 2 hadi zaidi ya theluthi ya mafuta inayoagiza. Agosti 2025 Marekani iliiwekea ushuru wa asilimia 25, kisha ikaongeza asilimia 25 nyingine kwa sababu ya mafuta hayo. Hii ni nchi ileile iliyofikia na India makubaliano ya nyuklia ya kiraia mwaka 2008, na iliyoufufua nayo, pamoja na Japani na Australia, ushirikiano wa nchi nne mwaka 2017. New Delhi ilijifunza kwa uchungu kwamba rafiki mwenye nguvu anaweza kubadilika kwa uamuzi wa mtu mmoja. Ndiyo maana India imo katika ushirikiano huo wa nchi nne, na imo pia katika BRICS na katika Jumuiya ya Shanghai pamoja na China na Pakistan. Viongozi wake huiita hali hii uhuru wa kuamua, na mizizi yake ni ile sera ya kutofungamana na upande wowote ambayo Jawaharlal Nehru aliijenga, na ambayo Mwalimu Nyerere aliifuata pia kwa upande wetu.

Bei yake lazima isemwe. India haikuilaani Urusi katika Umoja wa Mataifa, na wanaoamini kwamba nchi ndogo ina haki ya kutovamiwa, wakiwamo Waafrika wengi, wana sababu ya kuuliza India ingetaka dunia iseme nini siku China ikivuka milima.

Bahari ya Hindi ina nafasi gani katika mahesabu haya, na inatuhusuje Afrika Mashariki?

Hapa ndipo tunapoguswa moja kwa moja, sisi tunaoishi upande wa magharibi wa bahari hiyo. Mwaka 2017 China ilifungua kituo chake cha kwanza cha kijeshi nje ya nchi yake huko Djibouti, na mwaka huohuo kampuni ya Kichina ilikodishiwa bandari ya Hambantota ya Sri Lanka kwa miaka 99, baada ya nchi hiyo kuelemewa na madeni. Ukiongeza bandari ya Gwadar nchini Pakistan, inayoendeshwa pia na kampuni ya Kichina, India inajiona inazungukwa hata kwenye bahari inayobeba jina lake.

Majibu yake yamekuwa ya aina nyingi. Ina meli mbili za kubeba ndege za kivita, Vikramaditya na Vikrant, ya pili ikiwa imeundwa Kochi na kuanza kazi Septemba 2022. Ina nyambizi zinazobeba makombora ya nyuklia. Ina visiwa vya Andaman na Nicobar, vilivyo karibu na mlango wa Malacca ambao mafuta mengi ya China hupitia, nao huo ndio mtaji wake mkubwa kuliko yote baharini. Upande wetu, Februari 2024 ilizindua pamoja na Mauritius uwanja wa ndege na gati katika kisiwa cha Agaléga. Ushelisheli walilikataa mwaka 2018 pendekezo la kituo katika kisiwa cha Assumption, baada ya wananchi kulalamika. Maldivi nao, baada ya uchaguzi wa 2023, waliwataka askari wachache wa India waliokuwa huko waondoke, na wakaondoka kufikia Mei 2024, nafasi zao zikachukuliwa na mafundi raia. Nchi hizi ndogo zimeonyesha kwamba zina ridhaa ya kutoa au kunyima, na India ilifanya busara kukubali bila kutumia nguvu. Julai 2025 Modi alikuwa mgeni wa heshima katika sherehe za uhuru wa Maldivi.

Manowari za India zimefanya doria katika Ghuba ya Aden tangu 2008. Machi 2024 makomando wake waliruka kwa miavuli baharini, wakaikomboa meli ya Ruen, wakawaokoa mabaharia 17 na kuwakamata maharamia 35 wa Kisomali. Mwezi Aprili 2025 India na Tanzania ziliandaa kwa pamoja Dar es Salaam mazoezi ya majini yaliyoshirikisha nchi za mwambao na visiwa, Kenya, Msumbiji na Komoro zikiwamo. Nje ya mambo ya kijeshi kuna mkopo wa dola milioni 500 wa mradi wa maji wa miji 28 ya Tanzania, na kampasi ya IIT Madras, mojawapo ya taasisi za teknolojia za India, iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 2023, ya kwanza ya taasisi hizo nje ya India.

Serikali zetu zipokee doria, vyuo na maji, lakini zisome mikataba ya bandari na vituo vya kijeshi kwa makini yaleyale kwa India, kwa China na kwa mwingine yeyote, na ziisome mbele ya mabunge. Ushelisheli walifanya hivyo.

Vipi kuhusu nchi za Ghuba?

Wahindi takribani milioni 9 wanaishi na kufanya kazi katika nchi za Ghuba, na sehemu kubwa ya mafuta na gesi ya India hupita mlango wa Hormuz. Kwa sababu hiyo New Delhi inalazimika kuelewana na Saudi Arabia, Imarati, Iran na Israeli kwa wakati mmoja. India ina makubaliano na Oman ya mwaka 2018 yanayoruhusu manowari za India kupata huduma katika bandari ya Duqm. Nchini Iran, mwaka 2024 ilisaini mkataba wa miaka 10 wa kuendesha gati katika bandari ya Chabahar, njia ya kufika Afghanistan bila kupita Pakistan.

Je, vitisho vyote vinatoka nje?

Hapana. Uasi wa Wamao, yaani wapiganaji wa kikomunisti wa misituni, ambao Waziri Mkuu Manmohan Singh aliuita mwaka 2006 changamoto kubwa kuliko zote za usalama wa ndani, umepungua sana. Lakini katika jimbo la Manipur, mapigano kati ya jamii za Wameitei na Wakuki yaliyozuka Mei 2023 yameua watu zaidi ya 200 na kuwahamisha makumi ya maelfu, katika jimbo linalopakana na Myanmar yenye vita. Mahusiano kati ya Wahindu walio wengi na Waislamu, ambao ni zaidi ya milioni 170, nayo ni suala la usalama wa taifa, kwa kuwa taifa linalowafanya raia wake wajihisi wageni huwarahisishia kazi maadui zake.

India inataka kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama. Itakipata?

Hatua hiyo inahitaji theluthi mbili ya wanachama 193 wa Umoja wa Mataifa na kuidhinishwa na wanachama watano wa kudumu, na China ndiyo pekee kati yao isiyoiunga mkono India waziwazi. Mwaka 2005 India, Brazili, Ujerumani na Japani zilipeleka pendekezo la pamoja, lakini hazikuafikiana na Afrika, ambayo kwa Makubaliano ya Ezulwini ya mwaka huohuo ilidai viti viwili vya kudumu vyenye haki kamili ya kura ya turufu. Septemba 2023 ni India, ikiwa mwenyekiti wa G20, iliyoukaribisha Umoja wa Afrika kuwa mwanachama kamili katika mkutano wa New Delhi. Kura 54 za Afrika ndizo kundi kubwa zaidi ambalo India inaweza kulishawishi, na mpaka sasa madai ya Ezulwini hayajabadilika.